Gololi haitaki kutulia: mitetemo ya chini kwenye vioo vya metali

ZUHURA: Haya tuko hewani, karibuni tena jamani. Baraka leo kaja na karatasi, kaandika kabisa mambo matatu, na kayapigia mstari.

BARAKA: Matatu tu. Moja, aloi za entropia kubwa, zile zinazochanganya metali nne, tano au zaidi kwa sehemu sawa. Pili, kinachotokea chini ya kelvini 1. Tatu, kwa nini vurugu ya atomi inazuia joto kupita. Tukienda kwa utaratibu tunamaliza kabla saa haijatufukuza.

ZUHURA: Sawa, ila kabla ya hayo matatu kuna ya wiki hii, maana nimelala nayo nimeamka nayo.

BARAKA: Gololi.

ZUHURA: Gololi! We umeshaisikia, wenzetu bado. Sikilizeni. Kuna kisahani cha kioo cha metali, yaani metali iliyopozwa mpaka ikaganda atomi zikiwa ovyo bila mpangilio wa kristali, hiki ni cha zirkoni, ukubwa wa kiganja, kimesuguliwa mpaka unajiona sura. Juu yake limesimama bomba la plastiki angavu, unadondosha gololi ya chuma kwa ndani. Pembeni kuna bomba lingine hivyo hivyo ila chini yake kuna kisahani cha chuma cha pua. Sasa kwenye chuma cha pua unasikia ta, ta, ta, imetulia, kwisha. Kwenye kioo cha metali inadunda, inadunda, wenzio mmeshaanza kuongea mambo mengine bado inadunda, sauti zinakaribiana mpaka huwezi tena kuzihesabu, zinaungana zinakuwa mlio mmoja unaopanda juu, na bado. Mi nilisimama pale mpaka watu wakaanza kunizunguka wapite.

BARAKA: Na ni kitu ambacho umekipima mwenyewe miaka yote hii.

ZUHURA: Ndo hilo linalonisumbua! Nimekipima kwenye baridi, kwenye krayostati, chombo cha baridi kali, na kule kinanionesha sura nyingine kabisa. Kule kimejaa mitetemo ya ziada, mitetemo isiyo na adabu, isiyotaka kusafiri. Alafu hapa juu mezani kitu hicho hicho kinarudisha nguvu ya gololi karibu yote, kisafi kuliko chuma chenye kristali. Atomi zimevurugika lakini mdundo msafi. Nikasema hii lazima tuiongee.

BARAKA: Dakika tano basi.

ZUHURA: Dakika tano.

BARAKA: Jibu la kwanza ni la kimakanika tu, halihusiani na mitetemo ya baridi. Chuma cha pua ni kristali nyingi nyingi zimeshikana, na ndani ya kristali kuna dislokesheni, yaani mistari ya hitilafu kwenye mpangilio wa atomi ambayo ukiisukuma inateleza. Gololi ikitua inaacha kishimo, kidogo mno hukioni, na kuchimba kile kishimo kunakula nguvu, kila mdundo unapoteza. Kioo cha metali hakina mpangilio, kwa hiyo hakina mistari ya kuteleza. Ukikiminya kinakubali kubonyea na kurudi mpaka karibu asilimia 2, chuma cha kawaida hakifiki hata asilimia 1 kinakuwa kimeshapinda moja kwa moja. Kwa hiyo nguvu inawekwa, alafu inarudishwa kwa gololi.

ZUHURA: Hapo nakubali mia kwa mia. Yaani ile vurugu ndo inayoleta usafi wa mdundo.

BARAKA: Ndiyo. Sasa tuingie kwenye aloi za...

ZUHURA: Ngoja, hujamaliza. Hilo ni jibu la kishimo. Mi nauliza la wimbi. Gololi ikigonga inatuma wimbi ndani ya kisahani. Wimbi linapita kwenye atomi zilizokaa ovyo, moja kubwa ya zirkoni, nyingine ndogo ya berili, jirani hawa wamebanana, wale wamelegea. Kwa nini wimbi halitawanyiki likapotea humo humo?

BARAKA: Kwa sababu ni refu. Hebu tulifanye kwa namba, tusiliache hewani. Gololi inagusana na kisahani kwa makumi ya mikrosekunde, kwa hiyo frikwensi zake ni makumi ya kilohezi. Kwenye kioo hiki cha zirkoni mawimbi ya shia, yale yanayotikisa ubavuni, yanakwenda kama mita 2,500 kwa sekunde. Gawanya. Wimbi la kilohezi 25 lina urefu wa sentimita 10, kisahani chenyewe hakifiki hapo. Wimbi la namna hiyo halijui kabisa kuna atomi, linaona wastani, na wastani wa vurugu ni kitu laini kilichonyooka.

ZUHURA: Na kwenye baridi yangu?

BARAKA: Kwenye baridi yako unaongelea terahezi 1 hivi, mitetemo trilioni kwa sekunde. Gawanya tena, mita 2,500 kwa terahezi 1 ni nanomita 2.5. Atomi hadi atomi ni kama nanomita 0.3. Kwa hiyo wimbi zima limekaa juu ya atomi nane, tisa. Pale wastani haupo tena, linakutana na atomi moja moja na tabia zake.

ZUHURA: Unaona sasa kwa nini nimesema gololi? Gololi na krayostati vinaangalia kitu kimoja kwa frikwensi zilizoachana mara makumi ya mamilioni. Na katikati hapo kutawanyika kunapanda kwa kasi ya ajabu, frikwensi kwa nguvu ya nne, ukiongeza frikwensi mara mbili wimbi linatawanywa mara 16 zaidi. Ni kanuni ile ile ya Rayleigh. Kwa hiyo huku chini hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu, alafu ghafla ukikaribia terahezi wimbi la shia halimalizi hata urefu wake mmoja limeshakufa.

BARAKA: Hapo ndo panaitwa kikomo cha Ioffe na Regel.

ZUHURA: Na hapo hapo, kwenye vioo vingi vilivyosimuletiwa, yaani vilivyoundwa kwenye kompyuta, ndo kinakaa kilele cha bosoni. Shintani na Tanaka walilionesha hilo mwaka 2008, kilele na kikomo cha mawimbi ya shia vinaangukiana.

BARAKA: Kwa wanaosikiliza ambao hawajakaa na hiki kilele kama sisi, kwa kifupi. Mwanafizikia Debye mwaka 1912 alisema chukulia kitu ni kigumu kimoja kisicho na atomi, hesabu mawimbi ya sauti yanayoweza kukaa humo, utapata idadi inayopanda kwa mraba wa frikwensi. Kutoka hapo unapata uwezo wa joto, yaani joto linalohitajika kukipandisha digrii moja, unaopanda kwa T ya tatu, T ikiwa ni halijoto. Kwa hiyo ukipima uwezo wa joto ukaugawa kwa T ya tatu unategemea mstari wa kulala. Kristali inakupa mstari wa kulala pale chini kabisa. Kioo kinakupa nundu, kwenye kioo cha metali huwa inakaa karibu na kelvini 10. Ile nundu ndo kilele cha bosoni, ni mitetemo zaidi ya ile ya Debye.

ZUHURA: Na kwenye metali lazima kwanza utoe elektroni. Elektroni zinachukua joto kwa T ya kwanza, kwa hiyo unachora C gawanya T dhidi ya T mraba, mstari unakata mhimili pale, hizo ndo elektroni, unaziondoa, kinachobaki ni mitetemo. Ukizembea hapo nundu yako yote ni ya uongo.

BARAKA: Sasa aloi...

ZUHURA: Nimebakiza kitu kimoja cha gololi.

BARAKA: Zuhura.

ZUHURA: Kimoja! Wale wenye kisahani nimewauliza, je mngekipasha moto mpaka kikawa kristali, alafu mdondoshe gololi ile ile? Muundo wa kemia ule ule, atomi zile zile, tofauti ni mpangilio tu. Hilo ndo jaribio la haki. Kulinganisha na chuma cha pua si haki, ni metali nyingine kabisa.

BARAKA: Hilo wazo zuri kwa kweli. Ila kikishakuwa kristali kinakuwa kimevunjikavunjika kwa ndani, kina sehemu ngumu zinazovunjika kirahisi, gololi inaweza kukipasua.

ZUHURA: Wakisema kitapasuka basi gololi ndogo.

BARAKA: Gololi ndogo, kutoka chini zaidi.

ZUHURA: Na bomba fupi. Unaona umeshaingia.

BARAKA: (anacheka) Nimeingia. Na ukishaingia hutoki. Basi sikiliza, mi ningependa uone pia kisahani kilichoviringishwa kwa baridi, yaani kimepondwa kwenye rola bila kupashwa moto. Kile kinakuwa na mikanda ya shia ndani, sehemu ambazo zimeshateleza. Nahisi mdundo utapungua mapema kwa sababu pale pana sehemu laini zilizo tayari kuteleza tena.

ZUHURA: Na kwenye baridi kilele kinapanda. Kioo cha metali kikipondwa sana kilele cha bosoni kinakua, hiyo imepimwa, waliminya na kuzungusha kioo cha zirkoni kwa presha kubwa uwezo wa joto ukaonesha nundu kubwa zaidi. Na kikiokwa taratibu chini ya joto la kulainika kilele kinashuka. Na hapo ndo naleta kazi yangu ya wiki hii, tulia.

BARAKA: Nimetulia.

ZUHURA: Utepe wa zirkoni na shaba, ule unaomwagwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka, unene wake mikroni 30 hivi. Nimeupima ukiwa mbichi, nikauoka usiku kucha chini ya joto la kulainika, nikaupima tena. Vile vile, kijukwaa kile kile cha kupimia. Mtu asidhani ni kuweka kitu na kubonyeza kitufe, unakata vipande vidogo, unavilaza bapa juu ya kijukwaa kimoja kimoja kwa tone la grisi, na kabla ya hapo umeshapima kijukwaa kitupu na grisi yake peke yake ili uje uitoe, maana kwenye kelvini 3 hata ile grisi inahesabika, inaweza kuwa na uwezo wa joto unaotisha kuliko sampuli. Nimetoa grisi, nimetoa elektroni. Nundu ya utepe uliookwa iko chini ya nundu ya utepe mbichi. Si kwa mengi lakini unaiona kwa macho bila kuambiwa. Densiti imebadilika kwa kiasi ambacho hata ukikiongeza mara tano hakielezi kitu. Kwa hiyo kilichoshuka ni vurugu. Vurugu imepungua, kilele kimepungua. Mi kwangu hapo kesi imekwisha.

BARAKA: Haijaisha.

ZUHURA: Nilijua.

BARAKA: Haijaisha hata kidogo. Densiti haijabadilika, sawa. Je modulasi ya shia, yaani ukinzani wake ukiusukuma ubavuni? Utepe ukiuoka unakakamaa. Ukikakamaa sauti inakwenda haraka zaidi, na hesabu ya Debye inagawanywa kwa kasi ya sauti kwa nguvu ya tatu. Yaani kiwango chote cha chini kinashuka, chote, na nundu inashuka nacho. Hujaonesha kwamba kuna kitu cha pekee kimeondoka. Umeonesha utepe umekuwa mgumu.

ZUHURA: Nimegawanya kwa Debye yake yenyewe, kiwango cha Debye cha kila utepe.

BARAKA: Debye uliyoipata wapi?

ZUHURA: Kwenye mteremko wa chini, chini ya kelvini 5.

BARAKA: Ndo hapo. Huo mteremko umeshachafuka. Una elektroni ulizozitoa kwa makadirio, una mkia wa nundu yenyewe unaoingia kutoka juu, kwa hiyo kipimo chako kimekopa kwenye kitu unachotaka kukipima. Debye ya kweli inatoka kwenye kasi ya sauti, unapima kwa ultrasaundi. Na kwenye kioo hiki mawimbi ya mgandamizo yanakwenda kama mita 5,000 kwa sekunde, mara mbili ya yale ya shia, ukiweka kwa nguvu ya tatu mawimbi ya shia yanabeba zaidi ya asilimia 90 ya hesabu yote. Kwa hiyo ukikosea shia kidogo tu umekosea kila kitu.

ZUHURA: Utepe wa mikroni 30 nitaupima kwa ultrasaundi gani Baraka? Mwangwi wa kwanza na wa pili vinalaliana.

BARAKA: Basi usiseme kesi imekwisha.

ZUHURA: Nasema imekwisha kwa sababu nyingine pia. Twende kwenye kristali. Wewe unasema, sikiliza nikuwekee maneno yako sawa sawa, unasema kilele cha bosoni si kitu kipya, ni kile kilele cha van Hove ambacho kristali zote zinacho, mawimbi ya shia yakiwa mafupi mpaka kukaribia umbali wa atomi hadi atomi, huo ndo ukingo wa latisi, yaani wa mpangilio wa kristali, yanarundikana, kioo kimekisogeza chini tu na kukitandaza.

BARAKA: Ndiyo. Na si mimi peke yangu. Chumakov na wenzake mwaka 2011 walichukua kioo cha silikati chenye chuma, wakahesabu hali za mitetemo, walipolinganisha na kristali wakazingatia tofauti ya densiti, idadi ikalingana. Alafu mwaka 2014 wakaja na silika yenyewe. Watu walizoea kulinganisha kioo cha silika na kwatsi, ambayo ni kristali ya silika, kwatsi ina densiti 2.65, kioo 2.20, unalinganisha nini hapo? Weka kristobaliti, kristali nyingine ya silika, ambayo densiti yake iko karibu na ya kioo, ni kristali kabisa, imepangika, na ina nundu inayofanana na ya kioo. Kristali, Zuhura! Vurugu haipo na nundu ipo.

ZUHURA: Na hilo ni jambo zuri sana kwenye silika, sina ugomvi nalo, silika ina nafasi tele ndani, densiti inaweza kucheza. Lete kwenye metali. Kioo cha metali na kristali yake densiti zinatofautiana asilimia 1, mbili. Kipimo chako cha densiti kinakosa kazi. Na bado nundu ipo kwenye kioo, kwenye kristali ya kemia ile ile imepungua sana. Nini kimesogeza huo van Hove wako kama si vurugu?

BARAKA: Ugumu. Nimeshasema. Densiti sawa, lakini modulasi ya shia ya kioo cha metali iko chini ya ile ya kristali kwa robo, wengine theluthi. Chukua asilimia 30. Kasi ya shia inashuka kwa kama asilimia 16. Weka kwa nguvu ya tatu, ugeuze, kiwango cha Debye kinapanda kwa asilimia 70. Sabini! Bila kuongeza mtetemo hata mmoja wa ajabu. Umelainisha kitu, basi.

ZUHURA: Na nani kakilainisha?

BARAKA: Mm.

ZUHURA: Hapana, jibu. Nani kakilainisha? Atomi zile zile, bondi zile zile, densiti ile ile. Kwa nini modulasi ya shia imeshuka kwa asilimia 30? Kwa sababu ukisukuma ubavuni kila atomi kwenye kioo inakwenda upande wake, haziendi pamoja kama kwenye latisi, zinajipanga upya kidogo kidogo, na huko kujipanga kunapunguza ukinzani. Hiyo ni vurugu! We unaiita ugumu, unaiweka mfukoni, alafu unaniambia vurugu haina kazi.

BARAKA: Sijasema haina kazi. Nasema kazi yake yote imeshaingia kwenye wastani. Kuna wanaosema kama Schirmacher kwamba si wastani tu, kwamba ugumu unatofautiana kutoka sehemu hadi sehemu, hapa pagumu hapa laini, na ule mtawanyiko wa ugumu ndo unaozalisha nundu. Hayo ni madai makubwa zaidi. Mimi nikishasahihisha wastani kinachobaki ni kidogo, sioni haja ya kuongeza nadharia juu yake.

ZUHURA: Kinachobaki si kidogo. Nundu inahesabiwa juu ya Debye ya kioo chenyewe, kilichokwisha kulainika. Hiyo sabini yako imeshaingia kwenye mgawanyo. Na bado nundu inachomoza.

BARAKA: Kristali nayo inachomoza juu ya Debye yake, ndo van Hove hiyo. Shaba safi kabisa ukigawanya kwa T ya tatu ina nundu.

ZUHURA: Juu kabisa huko, kelvini 20 na zaidi, na umbo lingine.

BARAKA: Juu kwa sababu ni ngumu zaidi. Tumerudi pale pale.

ZUHURA: Tumerudi. Basi nikuulize kwenye kompyuta yako mwenyewe, unakounda vioo vyako kwa hesabu. Zile modi, yaani namna za kutikisika, zilizokaa sehemu moja, ambazo ulinionesha, kundi la atomi linatikisika katikati na wengine wa mbali wametulia, idadi yake inapanda kwa frikwensi ya nne. Lerner na wenzake walizitenganisha mwaka 2016. Kristali ina hizo?

BARAKA: Kristali safi haina.

ZUHURA: Asante.

BARAKA: Lakini ni chache, na ziko chini ya kilele, hazikijengi kilele chenyewe. Huwezi kuchukua wageni wawili mlangoni ukasema ndo harusi.

ZUHURA: Ni chache kwenye kioo kilichopozwa polepole. Kwenye vyako ni nyingi, kwa sababu unapoza kwa kelvini bilioni kumi kwa sekunde na kuendelea. Duwez na wenzake mwaka 1960 na ile dhahabu na silikoni yao walikuwa kwenye milioni moja kwa sekunde na watu wakashangaa. Peker na Johnson mwaka 1993 wakapata ile ya zirkoni, titani, shaba, nikeli na berili inayokubali kelvini 1 kwa sekunde, hicho ndo kisahani cha gololi. Kioo chako cha kompyuta ni kibichi kuliko kitu chochote kilichowahi kushikwa na mkono wa mtu. Usinihesabie wageni kwa kioo hicho.

BARAKA: Hapo una hoja kuhusu kasi ya kupoza. Haibadilishi msimamo wangu.

ZUHURA: Wala wangu.

BARAKA: Pima ultrasaundi.

ZUHURA: Na we poza polepole.

BARAKA: Sawa. Tunaweza kwenda kwenye aloi sasa? Maana naona tumebakiza muda wa kuagana.

ZUHURA: Semea aloi, haraka.

BARAKA: Nizisemee haraka basi. Aloi ya Cantor ya mwaka 2004, kromi, manganizi, chuma, kobalti, nikeli, sehemu sawa sawa. Atomi zimekaa kwenye latisi nzuri kabisa, vurugu iko kwenye nani amekaa wapi. Watu wanategemea itetemeke kama kioo. Haitetemeki kama kioo. Angalia uzito wa atomi zake, kromi 52, nikeli karibu 59, wote ni wale wale, kwa hiyo vurugu ya uzito karibu haipo, iliyopo ni ya bondi, yaani springi kati ya jirani na jirani hazilingani. Mawimbi marefu yanapita vizuri, ukienda kuelekea ukingo wa latisi ndo mistari ya fononi, yaani vifurushi vya mitetemo, inapanuka. Ukitaka vurugu ya uzito nenda kwenye niobi, molibdeni, tantali na tangsten, 93 na 96 upande mmoja, 181 na 184 upande wa pili, karibu mara mbili.

ZUHURA: Na hilo linanisaidia mimi.

BARAKA: Linakusaidiaje?

ZUHURA: Kemia imevurugika, mahali pa atomi pamepangika, hamna kilele cha maana. Kwenye kioo mahali penyewe pamevurugika, kilele kipo. Kwa hiyo ni vurugu ya mahali, hasa ya kusukumwa ubavuni, ndo inayohesabika. Aloi ndo shahidi wangu.

BARAKA: Aloi ni shahidi wangu mimi. Vurugu tele ndani yake na hakuna kilele, kwa sababu modulasi ya shia haijaanguka. Ugumu upo, kilele hakipo.

ZUHURA: Haya, shahidi mmoja pande mbili.

BARAKA: Na kuna kitu nataka kiingie hata kama hatutakifafanua. Joto kupita. Zeller na Pohl mwaka 1971 walionesha vioo vinapitisha joto vibaya mno kwenye baridi, na mstari unalala karibu na kelvini 10, pale pale penye nundu. Fononi zenye frikwensi hiyo zimeshindwa kusafiri.

ZUHURA: Zimeshindwa kusafiri! Kristobaliti yako inalala hivyo?

BARAKA: Hilo... sikiliza, hilo ni la usafiri, mi naongelea kuhesabu. Idadi ya mitetemo ni kitu kimoja, umbali inaosafiri ni kitu kingine. Vurugu inaua safari, nakubali, siku zote nimekubali. Idadi ndo nasema haigusi.

ZUHURA: Mi siamini unaweza kuua safari ya wimbi bila kugusa idadi. Wimbi likishakufa kabla ya kumaliza urefu wake si wimbi tena, huwezi kulihesabu kwa kanuni za wimbi.

BARAKA: Unaweza. Hali ya mtetemo inahesabika hata kama haisafiri. Jumla ni atomi mara tatu, kwisha.

ZUHURA: Jumla ndiyo. Zimekaa wapi kwenye frikwensi ndo swali.

BARAKA: Tumekatika kwenye muda, naoneshwa mkono hapa. Chini ya kelvini 1 hatujagusa kabisa.

ZUHURA: Hatujagusa. Anderson, Halperin na Varma, na Phillips kivyake, wote 1972, atomi zinazoruka kati ya nafasi mbili, na kwenye metali elektroni zinazificha kwa sababu zote zinakwenda kwa T ya kwanza, mpaka kioo kigeuke superkondakta, umeme upite bila ukinzani, ndo unaziona. Hicho ni kipindi kizima.

BARAKA: Ni kipindi kizima. Na karatasi yangu nitaileta tena hivi hivi, sifuti kitu.

ZUHURA: Ilete. Mi nitatafuta fimbo ya milimita 3 ya kemia ile ile, nipige ultrasaundi mbichi na iliyookwa, alafu uwezo wa joto kwenye fimbo hiyo hiyo.

BARAKA: Na uitoe Debye kwenye sauti, si kwenye mteremko.

ZUHURA: Nitaitoa kwenye vyote viwili niviweke pamoja.

BARAKA: Kwenye sauti, Zuhura.

ZUHURA: Vyote viwili. Haya jamani, kwaherini.